Mama wa Kambi Haongezi Neno

Kwa muda mrefu nilidhani tunatoka mahali pamoja. Watu wa Louisville, huku Marekani, walipomwita Mama wa Kambi, mimi nilisikia kambi yetu: mahema ya plastiki, foleni ya maji, shule iliyoezekwa kwa turubai huko magharibi mwa Tanzania, nilikosoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Mimi ni mtoto wa Warundi, nimekulia kambini, na kambi kwangu ilikuwa ya wakimbizi tu. Siku moja baada ya ibada nilijikaza, nikamwuliza alikuwa kambi gani, maana labda tuliwahi kuchota maji kwenye bomba moja.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Bomba? Mimi? Bon, ya wakimbizi nilifika kisha. Mimi ni mutu wa kambi ya maaskari, mutoto wangu. Niliolewa ndani, nilizalia ndani, nilifiwa ndani."

Akacheka mpaka waliokuwa wanakunja viti wakageuka. Tangu siku ile aliniita Binti wa Bomba. Mimi ni mtu wa haya, sipendi kuitwa mbele za watu, lakini jina lile nililipenda kwa sababu ni yeye aliyenipa.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Anatembea kama mtu aliyechelewa hata anapokwenda kutupa takataka. Majira ya baridi huvaa koti la kiume lenye mifuko mingi, na kila mfuko una kazi yake: huu wa funguo, huu wa karanga, huu wa leso. Simu hukaa mfuko wa ndani, juu ya moyo. Ghalani Hilliard, karibu na Columbus, Ohio, tulikokuja kufanya kazi pamoja baada ya kutoka Louisville, simu zilikatazwa wakati wa zamu. Mama wa Kambi alimwendea msimamizi, Kiingereza chake kikiwa cha maneno machache, akaonyesha kifua chake akasema: "My son. Soldier. War." Msimamizi akasema sawa, lakini mlio uzimwe.

Mtoto huyo ndiye aliyebaki katika uzao wake. Familia ilipopata nafasi ya kuja Marekani, kijana alikuwa ameshaingia jeshi la serikali kama baba yake, akabaki mashariki ya Kongo. Miaka yote niliyomfahamu mama huyu, kijana alikuwa juu ya kilima kimoja na wenzake, wanalinda barabara inayopita chini. Mama wa Kambi aliomba mambo mengi kwa ajili ya wengine, wagonjwa, wasio na kazi, mabinti wasioolewa. Kwa ajili yake aliomba moja tu: kijana ashuke kwenye kile kilima akiwa mzima.

Risasi aliziogopa. Ila simu aliziogopa zaidi.

Alinieleza mara nyingi, tukiwa tumeketi kwenye maboksi wakati wa mapumziko, na kila mara nilishangaa namna alivyolielewa jambo hilo kwa kuwa tu aliishi ndani yake. "Zamani habari mubaya ilikuja na mutu," alisema. "Unamuona amechoka, unamupa maji, unamuuliza. Sasa inakuja yenyewe. Haina miguu, haina jina, na iko inalia na sauti ya mutu unayemujua."

Kambini kwao wake wa askari ndio waliokuwa wa kwanza kujua mambo, kabla ya maofisa. Neno lilizunguka kutoka sufuria moja kwenda nyingine, na wakati wa kula jioni kila askari alikuwa amelimeza pamoja na chakula. Lakini neno lile lilikuwa na mwisho, lilifika ukutani likasimama. Sasa, kama alivyosimuliwa na mwanawe, askari mmoja hushuka kilimani na simu za wenzake zote mfukoni, anazipeleka kuchajiwa kwenye duka la bondeni, anazirudisha zimejaa. Na hazijai umeme peke yake. Zimejaa ujumbe wa sauti, wenyewe wanaita audio: kilima cha jirani kimeanguka, maofisa wamewauza, mshahara umeliwa, adui ana silaha isiyoonekana. Nyingine zinatengenezwa na adui mwenyewe. Nyingine zinatengenezwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kule, amekaa kwenye kochi, anakula.

"Lakini kwa nini wanaamini?" niliuliza.

"Sababu wanangoja. Mutu anayengoja anaokota kila kitu kinapita. Na askari hashindwi na uongo mukubwa, Binti wa Bomba. Anashindwa na uongo unaofanana na njaa yake. Umuambie komanda amekula posho, na yeye tumbo iko tupu: atauliza nini tena?"

Kwenye gari la kwenda kazini ndiko alikopigana vita yake. Tulikuwa tunachangia safari na mzee mmoja wa Kongo, mwenye gari kubwa la viti vingi, ambaye sote tulimwita Papa Dereva. Alikuwa mtu mwema, mpole, na mwenye njaa ya habari. Kabla hatujafunga mikanda alikuwa ameshafungua simu.

"Mama wa Kambi, ya leo iko ya moto! Kilima kimeanguka."

"Kilima gani?"

"Ile ya kule."

"Kule wapi?"

"Kule, mama! Kule kwa vita!"

"Uliona ao ulisikia?"

"Niko naendesha gari hapa Ohio, nitaona namna gani?"

"Donc ulisikia. Ni nani alikuambia?"

"Ni ba frères, kwenye grupu."

"Frère gani? Ana jina ao anaitwa Grupu?"

Watu nyuma wakaanza kucheka. Papa Dereva akapiga usukani kwa kiganja. "Wewe mama ni polisi wa midomo!"

"Na wewe ni mudomo bila polisi."

Siku moja hakuridhika na kicheko. Papa Dereva alikuwa amepata picha za video za helikopta inayowaka, na sauti inayosema vijana wote wa upande wa kile kilima wamekwisha. Mama wa Kambi alimwambia asimamishe gari kwenye kituo cha mafuta. Akamwambia ampigie aliyemtumia. Alikuwa shemeji yake, Louisville. Shemeji aliulizwa nani kamtumia; ni binamu, Buffalo. Binamu akapigiwa, akakoroma kwanza kwa usingizi, kisha akasema ametumiwa na kijana mmoja wa Columbus, akataja namba. Papa Dereva akapiga namba ile. Simu ikalia kwenye kiti cha nyuma cha gari letu wenyewe.

Kijana wa kiti cha nyuma alishtuka, akapokea, akasema "Allô?" huku Papa Dereva anamtazama kwenye kioo.

Hatukuweza hata kucheka sawasawa. Kijana alisema alikuta picha zile mahali, hajui ni nchi gani, akaona zinafaa. Sauti aliiongeza mwenyewe ili watu waombe zaidi. Aliamini kabisa kwamba amefanya jambo la kiroho. Nilidhani Mama wa Kambi atamrarua. Alifungua mfuko wa karanga, akampa kiganja kizima.

"Kula. Kesho ukitaka batu waombe, sema 'tuombe'. Usiwachome watoto ya batu ili watu wapige magoti."

Siku ile tulichelewa kuingia kazini, tukasemwa. Alisimama mbele ya msimamizi wima kama askari anayesomewa adhabu.

Sasa nisije nikamchora kama malaika wa ukweli. Mtu huyu ambaye hakukubali habari ya vita bila shahidi, alikubali habari ya afya bila hata kuuliza nani kasema. Aliamini kwamba chakula kilichopashwa moto kwenye maikrowevu kinapunguza damu. Aliamini kwamba theluji ya Buffalo, ukiitazama kwa muda, inapunguza usikivu wa masikio, na alipohamia huko baadaye alifika na pamba masikioni. Alikunywa maji ya vitunguu kila Jumatatu kwa sababu mwanamke fulani, mahali fulani, alipona kitu fulani. Nilipopata ujasiri nikamwuliza, "Mama, uliona ao ulisikia?" alinikata jicho.

"Hii haiombi kuona. Hii ni afya."

Ndoto pia aliziamini, na aliziamini vibaya: akiota samaki alikaa na hofu wiki nzima. Alikuwa mkali kwa uongo wa watu wazima na hodari wa kuwadanganya watoto wadogo kanisani kwamba mchungaji ana macho kisogoni. Na alipenda kuigiza. Hapo ndipo ilipotokea shida kubwa, ile ambayo wengi wanaijua vipande vipande. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitaieleza jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa bado Louisville. Kanisani kwetu palikuwa na mzee mmoja aliyepanga magari kila Jumapili kwenye uwanja, kakoti kake ka rangi ya machungwa, filimbi mdomoni. Maisha yake yote alikuwa muuza vitambaa, bunduki hakuwahi kushika, ila kwa vile alivyopiga saluti na kukaripia madereva tulimwita Komanda. Binti yake akapata nyumba Columbus, akamchukua haraka, Jumamosi. Jumapili magari yakaziba mlango wa kanisa, honi juu ya honi, wanaume wanarushiana mikono.

Mama wa Kambi alikuwa na desturi ya kumrekodia mwanawe habari za ibada, kwa mizaha, ili kijana acheke huko mlimani. Alisimama kwenye ngazi katikati ya zile honi, akalia kilio cha uongo: "Wiii, mwanangu! Komanda ametuacha! Komanda ametuacha, tumebaki bure! Kila mutu anakimbia njia yake, hakuna wa kupanga!" Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nilicheka hadi nikashika ukuta.

Kijana hakuwa na simu yake. Ilikuwa bondeni inachajiwa, na mwenzake aliyezibeba simu ndiye aliyeufungua ujumbe. Kwetu neno "ametuacha" linabeba mengi. Aliyehama ametuacha. Aliyekufa ametuacha. Aliyetutupa ametuacha. Yule askari alisikia mama analia, honi, makelele. Na asubuhi ileile komanda wao wa kweli alikuwa ameshuka mjini kutafuta mahitaji, hajarudi.

Alipopanda kilimani aliwasikilizisha wenzake ujumbe ule. Mmoja akasema amekufa. Mwingine akasema hajafa, ametukimbia, ametuuza. Wa tatu akasema neno lililowamaliza: mama huyu yuko Amerika, na Amerika wanajua kila kitu kabla yetu. Audio ikaruka kwenda vilima vingine.

Ilirudi Louisville kabla wiki haijaenda mbali. Tulikuwa tunafua kwenye nyumba ya mashine za kufulia, na mwanamke mmoja wa kanisani akaja mbio na simu. Palikuwa na picha ya lori lililoungua na maandishi kwamba komanda ameuawa, mama wa askari alia. Kisha sauti. Mama wa Kambi alikuwa na shuka mkononi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hii ni sauti yangu," alisema.

Mwanawe alipiga saa chache baadaye. Alikuwa hana pumzi. Karibu nusu ya wenzake walikuwa wameondoka kilimani. Waliobaki walikuwa wachache, na adui akijua tu, hapana kitakachobaki. Yeye mwenyewe alibaki kwa sababu moja: aliitambua honi ya gari la mchungaji, aliyoizoea kwenye rekodi za mama yake.

Mchungaji alikuja, akashauri liandikwe tangazo, kwa lugha ya heshima, likanushe. Mama wa Kambi alimsikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Aksanti, Pasta. Lakini nikisema 'si kweli', ni nani atatuma? Ile ya kwanza ilikimbia sababu iliwatia hofu. Hii ya pili lazima iwachekeshe, ama haitapanda mulima."

Kesho yake hakwenda kazini. Tulisafiri na mtu mwenye gari mpaka Columbus, mvua njia nzima. Tulimkuta Komanda jikoni kwa binti yake anakula samaki. Mama wa Kambi hakukaa hata chini. Alieleza kwa maneno machache, akaweka simu mezani, akabonyeza.

"Sema wewe ni nani."

"Mimi ni Komanda."

"Komanda wa nini?"

"Wa magari ya waumini."

"Ulikufa?"

"Nimekufa na nini? Niko nakula samaki."

"Uliuza kilima?"

"Kilima ninatoa wapi? Nilikuwa na filimbi moja, na ile Pasta aliikamata!"

Binti yake alishindwa kujizuia, akapasuka kwa kicheko, na kicheko chake kikaingia humo humo. Kisha Mama wa Kambi akasogeza mdomo karibu na simu, na sauti yake ikabadilika.

"Na mimi ndiye ule mama mujinga alilia. Nilikuwa nacheza. Askari yeyote aliacha nafasi yake juu ya sauti yangu, arudi, mwanangu, rudi leo. Kisha unipigie, unitukane vile unataka. Nitapokea."

Akataja namba yake, tarakimu kwa tarakimu.

Ilipanda. Kijana alisema walicheka mpaka mmoja akakaa chini na bunduki yake. "Niko nakula samaki" ikawa salamu ya vilima vyote: ukimwuliza mtu hali, anakujibu anakula samaki. Wengi wa walioondoka walirudi kabla adui hajajua. Komanda wa kweli alirudi na unga na mafuta, akasikilizishwa, akacheka, kisha akakasirika akakusanya simu zote kwa siku mbili tatu.

Na wale askari walipiga kweli. Kwa majuma mengi namba ngeni zilikuwa zinaita, wakati wa kula, wakati wa ibada. Nilimsikia akizipokea.

"Ni wewe ule mama?"

"Ni mimi, mwanangu. Tukana."

"Ulinitembeza mvua bure! Viatu vyangu vilioza!"

"Pole. Ulitembea mpaka wapi? ... Ee. Na sasa umekula? Iko homa? Mama yako anaitwa nani?"

Walioanza kwa kutukana walimaliza kwa kumwomba awaombee. Nilikuwa namtazama na kushindwa kuelewa mtu anapata wapi kifua cha namna hiyo, kufungua mlango ili hasira ya watu wasiomjua iingie, na kuipa kiti. Mimi neno moja baya kazini hunikosesha usingizi.

Lakini kuna mmoja hakurudi kilimani. Alikamatwa njiani kama mtoro, akafungwa. Mama wa Kambi alitafuta mpaka akampata mama wa kijana huyo, akawa anampigia kila Jumapili. Watu wakiicheza ile audio ya samaki kwenye sherehe, na bado wanaicheza, yeye huinuka akaenda kuosha vyombo.

Baadaye, baada ya miaka yetu ya Ohio, alihamia Buffalo. Dada yake mdogo aliishi Kenmore, pembeni mwa mji huo, na alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, akahitaji mtu. Mama wa Kambi akapata kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na nasikia wazee wale walimpenda, ingawa aliwakataza maikrowevu.

Ndipo kilima kikaanguka kweli. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani kaona, maana walioona walikuwa wengi, wanavuka mpaka na magodoro kichwani. Mwanawe hakupiga simu. Siku zikaenda, mwezi ukaisha, ukaingia mwingine. Papa Dereva, ambaye sasa alikuwa amejifunza kunyamaza, aliniambia garini kuna picha inazunguka, miili imepangwa kando ya barabara, na watu wanasema mmoja ni kijana wa Mama wa Kambi. Kwenye makundi ya simu walikuwa wameshaanza kumtumia pole. Kanisa la Louisville lilitaka kufanya matanga.

Nilipanda basi kwenda Buffalo. Kusema si kipaji changu, lakini nilitaka awe na mtu wa kukaa naye.

Ilikuwa Jumapili mchana, theluji imefika nusu ya magurudumu. Dada yake alifungua mlango na macho mekundu. Mama wa Kambi alikuwa mezani, anachambua maharage.

"Binti wa Bomba. Umekula?"

Dada alininong'oneza jikoni kwamba picha ameonyeshwa. Aliitazama mara moja, muda mrefu, akairudisha akasema sura haionekani, ni shati tu. "Mutoto siwezi kumuzika kwa shati," alisema. Akakataa matanga, akakataa pole. Dada alidhani akili imeanza kumtoka. Mimi pia, nikimtazama anavyotenga maharage mabovu pembeni, niliogopa. Nilijiuliza kama ule ukali wake wote sasa umekuwa chumba alichojifungia, asisikie kilichokwisha kutokea.

Tulikuwa tunakula simu ilipoita. Namba ngeni, ya ng'ambo. Aliiweka mezani, sauti kubwa, kwa sababu mikono yake ilikuwa na ugali.

"Mama? Mimi ni rafiki wa kijana wako. Tulikuwa naye juu."

Dada yake aliinuka na goti lake baya, kiti kikaanguka.

"Uko wapi, mwanangu?" Mama wa Kambi aliuliza.

"Nilivuka. Niko kambi ya wakimbizi. Simu ni ya kuomba, unité ya kupiga iko kidogo sana."

"Mama yako anajua uko muzima?"

"Hapana, Mama. Nilianza na wewe. Nilimuahidi yeye."

"Mupigie mama yako kwanza."

"Mama, unité—"

"Muambie tu: niko. Kisha unipigie. Kata."

Dada alipiga kelele. "Muulize kwanza! Yaya, dada yangu, muulize! Ikiisha je? Muulize!" Alinyoosha mkono kuichukua simu, na Mama wa Kambi akaifunika kwa kiganja chake chenye ugali. Simu ikakatika.

Nimekaa mahali pengi ambapo watu walingoja. Nimengoja majina yabandikwe kambini, nimengoja ndege. Sijawahi kukaa mahali kama jikoni ile. Dada alilia kwa hasira, akisema wewe si mzazi, mzazi gani anafanya hivi. Mama wa Kambi aliinuka. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akarudi kukaa, mgongo umenyooka, anaitazama simu. Midomo yake ilikuwa imekauka nyeupe. Nilielewa kwamba hakuwa mtu aliyejifungia. Alikuwa anajua kabisa kinachoweza kuja kwenye simu ile, au kisije tena, na kwa sababu alikijua ndio akampa yule mama mwingine nafasi ya mbele.

Iliita.

"Amelia," kijana alisema. "Mama yangu amelia sana."

"Ni vizuri. Sasa sema yako. Sema ile uliona tu."

"Tulishuka pamoja mpaka mutoni. Pale walitupiga, tukatawanyika. Mimi nilivuka. Nilipogeuka nilimuona upande ule mwingine, anapanda na wengine watatu ao wane. Alikuwa anatembea."

"Alikuwa na damu?"

"Sikuona damu."

"Alikuwa anashikwa, ao anatembea yeye?"

"Anatembea yeye. Alikuwa na kiatu kimoja."

"Mguu gani hauna?"

"Wa kushoto. Ule wa kulia ndio—"

Sauti ikakatika hapo. Tulingoja, haikurudi.

Dada yake akapiga vigelegele. Akanikumbatia mimi, akamkumbatia yeye, akachukua simu yake mwenyewe na kuanza kurekodi huku machozi yanamtiririka: "Familia yote, Mungu ni mukubwa, kijana wetu iko muzima, iko—"

"Hapana," alisema Mama wa Kambi.

"Hapana nini? Amesema!"

"Hajasema ile. Amesema alimuona anatembea, siku ile, pale mutoni. Futa. Anza tena."

"Yaya, ni habari nzuri! Kwa mara moja, ni nzuri!"

"Nzuri ao mubaya, haiko yetu ya kuongeza." Akaushusha mkono wa dada ulioshika simu. "Kule kuna mama mungine ana mutoto kati ya wale watatu ao wane. Atasikia, atapika chakula ya furaha, ataita batu. Futa, mudogo wangu."

Dada akafuta. Akarekodi upya, polepole, maneno yaleyale ya yule kijana, bila Mungu na bila vigelegele, na mwishoni akasema nani aliyeona na yuko wapi. Nimewahi kuona watu wakikataa habari mbaya. Hata mimi naweza. Sikuwa nimewahi kuona mtu mwenye njaa ya miezi anawekewa sahani iliyojaa, akala kile kidogo kilicho chake, akairudisha iliyobaki.

Dada alikwenda kujilaza. Nje mtu alikuwa anasukuma theluji kwa koleo. Mama wa Kambi alibaki mezani, na nadhani alisahau kwamba mimi nipo, maana mimi husahaulika kwa urahisi. Aliweka vidole viwili juu ya meza, cha shahada na cha kati, akavisimamisha kama miguu. Akaanza kuvitembeza pembeni mwa sahani, kuelekea upande wa juu wa meza. Kimoja kilikanyaga kwa nguvu. Kingine alikishusha taratibu, kwa ncha tu, kama mguu usio na kiatu unavyokanyaga mawe.